Gari la Familia: Tulioshe Bila Kuliumiza

Pita Jumamosi asubuhi katika mitaa ya Moshi, kuanzia Majengo hadi Shanty Town, kisha panda Kibosho, Machame au Marangu. Karibu kila ua wenye gari utakuta picha ile ile: ndoo, sabuni ya unga, tambara, na mtoto aliyekunja suruali. Gari linaoshwa kwa ajili ya ibada ya kesho, au kuna harusi, au baba anasafiri. Sisi akina mama tuko jikoni, na kazi hiyo tumewaachia vijana, kwa sababu tunadhani kuosha gari hakuna la kujifunza.

Sisi nasi tulidhani hivyo. Tuliosha gari letu kwa bidii miaka miwili, na bidii ile ndiyo iliyoliharibu. Kisha bidii hiyo hiyo ikakaribia kutuletea msiba ambao hakuna fundi angeweza kuurekebisha. Ndiyo maana tumeona tuwaeleze akina mama wenzetu tuliyojifunza, ili wao wasipite tulikopita.

Dodoki na sabuni ya unga

Kikundi chetu cha akina mama wa usharika kina gari moja la kuwahudumia wagonjwa. Ni gari dogo lenye buti pana, la rangi ya buluu iliyokolea, lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Tulichangishana muda mrefu, mwenye fedha kwa fedha, mwenye ndizi kwa ndizi, mwenye kahawa kwa kahawa, hadi likapatikana. Kazi yake ni kuwashusha wazee na wajawazito kutoka vijiji vya juu hadi hospitali na kuwarudisha makwao.

Baadhi yetu ni wauguzi, na tulikubaliana kwamba gari linalobeba wagonjwa lisikae na uchafu. Tukapanga zamu ya kuliosha kila Ijumaa mchana nyumbani kwa mmoja wetu. Tulimwaga sabuni ya unga kwenye ndoo, tukachukua dodoki, tukasugua kuanzia matairi hadi kwenye paa kwa maji yale yale. Tope lililokauka tulilikwangua. Tulipomaliza tuliliacha likauke juani kama nguo kwenye kamba.

Mwaka wa pili boneti na paa vikaanza kupauka. Ukilitazama gari juani uliona mikwaruzo midogo isiyohesabika, imezungukana kama utando wa buibui. Tukalipeleka kwa fundi rangi. Kijana yule akatuamkia vizuri, akalizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya boneti, akauliza, “Mama zangu, gari hili nani anawaoshea?” Tukajibu, tena kwa fahari, kwamba tunaliosha wenyewe. Akatabasamu. “Basi mama, kila Ijumaa mmekuwa mkilipiga msasa.”

Bei aliyotutajia ya kupaka rangi upya ilikuwa sawa na petroli ya miezi mingi ya kuwafuata wagonjwa. Hatukuwa nayo, na hata kama tungekuwa nayo, tungewaambia nini wagonjwa wetu? Fundi alituhurumia. Akalisugua mara moja kwa polishi yake ili kupunguza mikwaruzo, kisha akatuketisha akatueleza kosa letu. Mengine tumeyasoma na kuyajaribu wenyewe tangu siku ile.

Rangi ni ngozi isiyoota tena

Rangi ya gari inayotoka kiwandani si tabaka moja. Chini kabisa, juu ya bati, kuna tabaka la kuzuia kutu. Linafuata la msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na katika magari mengi ya siku hizi, juu ya yote kuna tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo linalong'aa. Matabaka hayo yote kwa pamoja unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Shika karatasi moja ya daftari la mtoto: unene wake ni karibu na huo. Tabaka angavu la juu ni chini ya nusu ya hapo.

Ngozi ya mtu ikichubuka huota tena. Ya gari haioti. Kila mkwaruzo umeondoka na kitu, na kila polishi ya kufuta mkwaruzo nayo huondoa kidogo. Tabaka la juu likiisha, jua hula rangi. Rangi ikiisha, maji hufika kwenye bati, na hapo kutu huanza kula gari mlangoni na chini ya buti.

Huku kwetu rangi ina maadui wengi. Tuko karibu na ikweta, jua ni kali mwaka mzima. Udongo wetu umetokana na majivu na mawe ya volkano, na chembe zake ni ngumu. Tena safari moja tu ya kutoka mjini hadi vijiji vya juu huanza na vumbi na kuishia kwenye manyunyu na utelezi. Tope hilo likikauka mlangoni, kisha mtu akaja na dodoki, ndio msasa aliousema fundi. Dodoki ni zuri kwa mgongo wa mtu, lakini halifai kwa gari. Stili waya ya sufuria ndiyo isisogee kabisa.

Tulioshe kama tunavyomwogesha mgonjwa

Fundi alipotueleza utaratibu, sisi wauguzi tulitazamana. Ulikuwa ule ule tuliofundishwa chuoni wa kumwogesha mgonjwa kitandani: anza na uso, endelea kushuka, badilisha maji, na kitambaa cha chini kisipande juu. Tulikuwa tunaujua, ila hatukuwahi kufikiri kwamba gari nalo linaustahili.

Andaa ndoo nne. Mbili zijae maji safi, lita 20 kila moja. Nyingine mbili zijae nusu: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Jumla ni lita 60. Tafuta vitambaa viwili laini vya pamba visivyo na vifungo wala zipu, na kingine kuukuu cha matairi pekee. Vua pete na bangili, kwa maana navyo hukwaruza.

Kwanza, liweke gari kivulini, asubuhi au jioni. Gusa boneti kwa nyuma ya kiganja, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Ikiwa ni ya moto, subiri. Kwenye bati la moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza na kuacha madoa.

Pili, mwagia maji kwa kopo kuanzia paa kushuka chini, bila kugusa kwa kitambaa. Penye tope, lilowanishe uliache kama dakika kumi, kisha mwagia tena liondoke lenyewe. Wakati wa masika ongeza ndoo ya tano kwa kazi hii. Usifute kamwe vumbi kavu kwa kitambaa kikavu, hata kama mna haraka ya kwenda kanisani.

Tatu, weka kwenye ndoo ya sabuni shampuu ya magari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Inapatikana kwenye maduka ya vipuri mjini, na chupa moja hudumu. Usipoipata, tumia sabuni laini ya maji, kidogo sana. Sabuni ya unga tuiachie nguo: ni kali, huondoa nta yote iliyokuwa ikiilinda rangi, na punje zisizoyeyuka hukwaruza.

Nne, chovya kitambaa kwenye sabuni, osha sehemu moja, kisha kisuuze kwenye ndoo ya kusuuzia kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Hatua hii ndogo ndiyo siri ya kazi yote, kwa sababu mchanga unabaki kwenye ndoo moja na haurudi kwenye gari. Anza na paa, fuata vioo, boneti, buti, milango sehemu ya juu, milango sehemu ya chini, bampa. Pitisha kitambaa kwa mistari iliyonyooka, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Kila sehemu ukiimaliza imwagie maji safi kabla sabuni haijakauka.

Tano, matairi na ringi ziwe za mwisho, kwa kitambaa chao wenyewe. Na kitambaa chochote kikianguka chini, hakirudi kwenye rangi mpaka kifuliwe. Wauguzi hawahitaji kuambiwa sababu.

Maji tunayoyamwaga yanaenda wapi?

Huenda utasema, “Mimi nina bomba nyumbani, ndoo za nini?” Pima mwenyewe. Kama mpira wako wa maji unajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili, ukiuacha wazi nusu saa umemwaga lita 300. Hizo ni safisha tano za ndoo. Na wapo wenzetu wanaoamka alfajiri kupanga foleni ya madumu.

Wengine huteremsha gari hadi mtoni au kuliosha kando ya mfongo. Tunalisema hili kwa upole lakini kwa mkazo: tusifanye hivyo. Mifongo ilichimbwa na wazee wetu wa Kichagga kwa jasho, ikashusha maji kutoka kwenye vijito vya msituni hadi vihambani, na imesimamiwa kwa zamu vizazi kwa vizazi. Sabuni, oili na grisi tunazomwaga juu zinamkuta mama aliye chini amechota maji ya uji wa mtoto. Mito yetu nayo, Karanga, Weruweru, Kikafu na mingine, huteremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, na watu wengi hutegemea maji hayo njiani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, shughuli zinazoweza kudhuru mto huo. Kwa hiyo tuoshe nyumbani, juu ya nyasi au kokoto, mbali na mfongo, kisima na bustani ya mboga.

Kukausha

Tulikuwa tukiliacha gari likauke lenyewe, nalo likabaki na madoa meupe ya duara. Madoa hayo ni chumvichumvi za maji, ndugu wa ule ukoko unaouona ndani ya birika. Jua likiyachoma hushika kwenye rangi na kuyaondoa ni kazi.

Dawa yake ni kukausha mara moja kwa taulo laini. Akina mama tuna hazina hapa: nepi za pamba za watoto waliokwisha kukua. Zimefuliwa mara nyingi, ni laini, na zinanyonya maji vizuri. Ilaze nepi juu ya bati, ivute taratibu kuelekea kwako, ikamue, endelea. Fungua milango na buti ukaushe kingo za ndani, maana maji hujificha hapo na kutu hupenda kuanzia huko. Nepi za gari zifuliwe peke yake, wala zisirudi tena kwa mtoto.

Mng'ao wa uongo na chupa ya soda

Sasa tufike mahali ambapo ni vigumu kwetu kupasimulia. Gari lilipoanza kupauka, kabla hatujamwona fundi, tuliambiwa mtaani kwamba mafuta ya taa kidogo kwenye maji ya mwisho hurudisha mng'ao. Tukajaribu. Gari liling'aa kweli, hadi jioni. Mng'ao ule ni wa mafuta tu, hauna kinga yoyote. Vumbi hunatia juu yake, nta kidogo iliyobaki huyeyuka, na mipira ya milango na madirisha huharibika. Wanaopaka dizeli kwenye matairi nao huharibu mpira wa tairi kwa namna hiyo hiyo.

Mafuta hayo tuliyatia kwenye chupa ya soda. Ijumaa moja, tukiwa tunakausha huku tukizungumza, chupa ilibaki chini karibu na gurudumu. Mjukuu wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka miwili, akaiokota akanywa. Tulisikia kikohozi. Bibi yake alikimbilia maziwa, mwingine akataka kumtia kidole kooni atapike. Mmoja wetu akawazuia wote wawili, tukampakia mtoto kwenye gari lile lile tukamkimbiza hospitali. Alikaa wodini siku tatu akihema kwa shida, kisha Mungu akatusaidia akapona.

Chupa ile ilikuwa yetu. Sisi tunaowafundisha akina mama kliniki kutoweka mafuta ya taa mahali watoto wanapofika, ndio tulioiacha chini. Tunaliandika hili ili lisirudiwe katika nyumba nyingine.

Kwa hiyo tukumbuke. Mtoto akinywa mafuta ya taa, petroli au dizeli, tusimtapishe. Hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu, na akitapika yanapata nafasi nyingine ya kuingia. Tusimpe maziwa wala mafuta ya kula, navyo vinaweza kumtapisha. Tumvue nguo zilizolowa, tuoshe ngozi yake kwa sabuni na maji, tumpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima apelekwe, kwa sababu kifua kinaweza kubadilika baada ya saa kadhaa. Na vitu vyote vya gari, kuanzia shampuu na polishi hadi mafuta ya breki, maji ya betri na yale maji ya rangi ya rejeta, vikae kwenye vyombo vyake vya asili, juu, penye kufuli. Visitiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Kinga ya kweli ni nta

Kinachoilinda rangi ni nta ya magari. Nta nyingi nzuri huchanganywa na nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya aina ya mchikichi unaoota Brazili. Hukaa juu ya tabaka angavu kama mafuta mazuri juu ya ngozi: maji huteleza, na vumbi halishiki sana.

Paka gari likiwa limeoshwa, limekauka na liko kivulini. Chukua nta kidogo kwa sifongo laini, paka tabaka jembamba sehemu moja moja, subiri ipauke, kisha ifute kwa kitambaa kikavu cha pamba. Nta nyingi haiongezi kinga, inaongeza kazi tu. Ukitaka kujua kama bado ipo, mwagia maji: yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la yugwa, nta ipo, yakitandazika, imekwisha. Sisi tunapaka kila baada ya miezi miwili au mitatu, na hatukosi mwezi Februari kabla ya masika. Tusidanganyike na kiwi ya viatu, polishi ya sakafu au mafuta ya kupikia.

Mambo madogo ya kila siku

Kinyesi cha ndege kisingoje Jumamosi. Kina ukali unaokula rangi, hasa juani. Weka juu yake kitambaa kilicholowa kama dakika kumi, kilainike, kisha kiinue bila kusugua. Wadudu waliogandia mbele ya magari ya ndugu wanaopanda kutoka Dar es Salaam mwezi Desemba waondolewe vivyo hivyo, baada ya safari ile ya zaidi ya kilometa 500.

Tuangalie pia mahali pa kuegesha. Kivuli cha mparachichi ni kizuri, lakini parachichi likianguka juu ya paa hutajua ulilie lipi, tunda au bati. Maua ya mijakaranda na utomvu wa miti viondolewe mapema. Usifunike gari lenye vumbi kwa turubai, kwa kuwa upepo utalisugua usiku kucha. Na watoto wasikae kwenye boneti, hata kwa kupiga picha.

Mwisho tunawaomba akina mama tusiwaachie watoto kazi hii bila kuwafundisha. Mtoto aliyeelezwa kwa nini ndoo ni nne ataifanya vizuri kuliko aliyefokewa. Mjukuu yule amekua, siku hizi ndiye anayetuletea ndoo, na akiona kitambaa kimeanguka chini hutukemea: “Bibi, hicho kimeshachafuka!”

Gari letu halikurudi kuwa jipya. Boneti bado ina alama za bidii yetu ya zamani. Lakini halijapauka zaidi, halina kutu, na fedha tulizotajiwa na fundi zimekuwa petroli ya kuwafuata wagonjwa. Jumamosi hii, ndugu msomaji, kabla ndoo hazijatoka nje, toka wewe kwanza. Ondoa dodoki, tafuta zile nepi kabatini, na utazame pembeni ya gurudumu kama kuna chupa.